Taulo Lililokataa Maji Mapajani mwa Mama Mkwe

Leo nimeadhirika. Si nyumbani, si kwa siri, bali mchana kweupe, katika ukumbi mmoja wa Bagara hapa Babati, mbele ya wanawake waliovaa sare ya zambarau, huku nimeshika kipaza sauti.

Ninaandika mapema kwa sababu moja: ipo video. Ninajua ipo kwa kuwa niliona simu zikiinuliwa, tena na watu ambao hawakuwahi kuinua hata mkono nilipouliza swali darasani. (Ndiyo, baadhi yao niliwafundisha. Hiyo ndiyo shukrani.) Kwa hiyo ninyi wenzangu wa kundi hili, mlionizoea kwa nasaha za asubuhi na masahihisho ya lugha, ningependa muisikie habari hii kutoka kwangu, kwa mpangilio wake, kabla hamjaletewa vipande vipande.

Chanzo ni Upendo. Upendo ni binti wa kaka yangu. Nimeishi naye tangu alipoanza sekondari, na sasa ni muuguzi hapahapa mjini. Anaolewa na Paskali, kijana mpole mwenye duka la vifaa vya umeme. Shida haikuwa Paskali. Shida ilikuwa mama yake mzazi, Mama Paskali wa Dareda, mwanamke mwenye mahindi, maharage, ng'ombe na sauti. Majuzi alileta neno kwamba baada ya harusi bibi harusi aende kwanza akakae kwake mwaka mzima, afundwe kazi za nyumba, kwa kuwa mabinti wa mjini wanajua simu tu. Paskali yeye abaki Babati na duka lake. Atakuwa anakwenda kumsalimu mkewe mwisho wa juma.

Upendo alilia sana. Kazi ingekuwaje? Na ndoa gani hiyo ya kutembeleana kama mtu na mahabusu wake? Kaka yangu, ambaye anapenda amani kuliko inavyofaa, alisema tutaona. Mimi sikutaka kuona. Nilimshika binti bega nikamwambia maneno ambayo sasa yananiwasha masikioni:

"Acha kulia. Siku ya kicheni pati mama yake atakuwepo. Nitamwonyesha kwa macho yake kwamba binti aliyelelewa na mimi hana cha kwenda kufundishwa."

(Binti aliyelelewa na mimi. Mungu anisamehe.)

Mnajua desturi ya kicheni pati zetu. Mtu hatoi zawadi kisha akaketi. Anaileta mbele akicheza, halafu anasimama kumfunda bibi harusi juu ya zawadi hiyohiyo: inachaguliwaje, inatumiwaje, inatunzwaje. Aliyeleta sufuria anafunda sufuria. Aliyeleta mapazia anafunda mapazia. Nami, baada ya tafakuri ndefu, nikachagua mataulo ya kuogea.

Msishangae. Juu ya mataulo mimi nina msimamo, na wote waliowahi kulala kwangu Maisaka wanaujua. Nyumba inaweza kukudanganya kwa makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na inaweza kukudanganya kwa vikombe vya kabatini visivyonywewa. Lakini omba taulo nyumba hiyohiyo. Ukiletewa kitambaa chembamba chenye harufu ya ukungu, umeshajua unaishi na watu gani. Hilo ndilo nililotaka Mama Paskali alijue juu yetu, kwa upande wa heri.

Basi nilikwenda sokoni. Mwenye duka, bwana mmoja mpole aliyeonekana kuwa na siku nzuri mpaka nilipoingia, alinitandazia taulo lenye picha ya chui mkubwa anayenguruma.

"Mwalimu, hili la chui linatoka sana."

Nilimuuliza kama yeye angependa kuoga vizuri, amshukuru Muumba wake, kisha ajifute uso kwa meno ya chui. Alilikunja. Akaleta jingine. Nikaliinua kuelekea mlangoni, nikamwona kupitia humo mwendesha bajaji aliyeegesha nje, nikamwona hata anavyopiga miayo. Nikalirudisha. Kwa jingine nilivuta vile vitanzi vidogo vya nyuzi, vikaning'inia mkononi mwangu kama mlenda. Nikalirudisha. Mengine niliyanusa, mengine niliyakanda, mengine niliyapima uzito mikononi kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Wateja wengine waliacha kununua wakawa wananitazama. (Nilidhani wanajifunza.)

Mwishowe nikayapata. Rangi ya maziwa, mazito, vitanzi vimesimama vimeshikana, pindo limeshonwa kwa uzi maradufu. Mwenye duka alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo nililichukulia kama heshima. Sasa nadhani alitaka kuhakikisha nimeondoka.

Tufike kwenye kufua, maana huko ndiko nilikoharibikiwa.

Taulo jipya halitumiki bila kufuliwa. Hilo ni kweli, na hata baada ya aibu ya leo sitalifuta. Niliyafua kwa mkono kwenye beseni uani, nikayasuuza mpaka maji yakatoka maangavu. Yalipokauka nikayashika, nikaona hayajafikia ulaini nilioutaka. Nilitaka Mama Paskali akiligusa tu taulo, moyo wake ulegee. Hapo ndipo shetani alinipitia, na safari hii alikuja akinukia maua.

Namaanisha ile dawa ya kulainisha nguo.

Chupani wameandika kifuniko kimoja. Niliona kifuniko kimoja ni kidogo mno kwa jambo lenye uzito huu. Nikamimina kwa imani. Nikayaloweka usiku kucha, nikayaanika, nikayashika: laini kama ndama aliyezaliwa leo. Mtu mwenye kiasi angetosheka. Lakini upepo ukashuka na vumbi lake kutoka upande wa Mlima Kwaraa, vumbi likatua kwenye kamba yangu, nikayafua tena, nikayaloweka tena, na safari hiyo sikuhangaika kabisa na kifuniko. Yalipokauka nikayapiga pasi mbele na nyuma. Yakang'aa. (Taulo halitakiwi kung'aa. Nalijua sasa.)

Wakati huo nilikuwa nimeshapanga kilele cha mafundisho yangu. Maneno matupu yamemchosha kila mtu kwenye sherehe hizi. Mimi ni mwalimu, na mwalimu hufundisha kwa vitendo. Ningetandaza taulo juu ya magoti ya mtu, nikamimina maji juu yake, na taulo likayanywa yote bila tone kulifikia vazi. Nani angebaki na shaka?

Kama ilivyo kawaida yangu, nilifanya majaribio. Nilikaa kwenye kigoda uani, nikalitandaza magotini taulo letu la zamani, ambalo mume wangu Baba Elia huliita Msasa kwa jinsi linavyokwaruza, nikamimina maji kutoka kwenye jagi. Msasa ukayanywa yote. Sketi yangu ilibaki kavu. Nikainua mikono kama mshindi.

Baba Elia alikuwa anakunywa chai kibarazani. Aliuliza, kwa ile sauti yake ya mtu asiyetaka ugomvi, kwa nini nisijaribie jipya lenyewe litakalotumika ukumbini. Nilimjibu kwamba zawadi ya mtu haijaribiwi kabla ya kutolewa. Ni utovu wa adabu, sawa na kuonja keki ya harusi.

Alinitazama kidogo. "Sawa, Mama Elia," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Ndugu zangu, nimeishi na mwanamume huyu miaka mingi. Nilipaswa kuijua ile "sawa".

Sasa tuje leo.

Ukumbi ulipambwa vizuri. Upendo aliketishwa mbele kwenye mkeka, amefunikwa kanga, kichwa kimeinama, maana bibi harusi siku hiyo haongei, hacheki wala hatazami watu. Kando yake, kwenye kiti chenye mto, aliketi Mama Paskali. Alikuwa amevaa kitenge kipya cha buluu iliyokolea, kimeshonwa kwa mikunjo, na viatu vya kutoka navyo. Nilimwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za maharage. Kisha akafunga mdomo na kuketi kama hakimu. Alitazama yote.

Mshereheshaji alikuwa Mama Glori, jirani yangu wa Maisaka, mwanamke asiye na breki mdomoni. Waliotangulia walifanya kazi dhaifu, na nasema hivi kwa upendo. Aliyeleta jiko la gesi alizungumzia zaidi mume wake. Aliyeleta mashuka alilia. Aliyeleta ungo alisahau kabisa ungo akatueleza safari yake ya Mbulu. Mama Paskali alipiga miayo bila kuficha, na kila mwayo ulinipa nguvu.

Nikaitwa. Nikaingia nikicheza, kapu kichwani. (Mimi hucheza kwa kiasi. Aliyesema nilikuwa kama mtu anayeruka mitaro hajalelewa.) Juu ya kapu nilikuwa nimeweka taulo moja nililolikunja kwa umbo la bata maji, kama wanavyofanya kwenye hoteli za kitalii. Nilijifunza kwenye simu, na shingo yake iliniumiza kichwa jioni nzima.

Mama Glori akalitazama. "Mwalimu ametuletea bata."

Nikamwambia ni taulo.

"Basi daktari wa mifugo yuko wapi? Huyu shingo haijakaa vizuri."

Nilisubiri vicheko viishe. Nikarekebisha shingo. Nikaanza.

Nilizungumza vizuri, na sioni haya kulisema, kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya siku hii ninayoweza kujivunia. Nilimwambia Upendo kwamba kila mtu nyumbani awe na taulo lake, hata mume, hasa mume. Kwamba taulo bichi halitupwi kitandani wala mlangoni, bali linatandazwa kwenye kamba lipate hewa. Kwamba linafuliwa peke yake, si pamoja na soksi. Kwamba siku taulo la kuogea litakapofutia sufuria, siku hiyo nyumba imeanza kuanguka. Wanawake waliitikia. Na nikaona kitu ambacho kilinipandisha kichwa moja kwa moja: Mama Paskali ameacha kupiga miayo. Ameegemea mbele. Anatikisa kichwa kukubali. Nilipotaja soksi, alisema "Kabisa" kwa sauti ya kusikika.

Upendo aliinua jicho moja kutoka chini ya kanga akanitazama. Jicho hilo lilisema: Shangazi, tumeshinda, keti.

Ningeketi, leo mngekuwa mnasoma nasaha za kawaida.

Lakini nilitaka muhuri. Nikamsogelea Mama Paskali na taulo zuri kuliko yote, nikamwomba radhi, nikamuuliza kama ataniruhusu nimtumie kufundishia. Alisita. Akaniuliza kama kuna maumivu. Ukumbi ukacheka, naye mwenyewe akatabasamu kidogo. Nikamhakikishia hakuna hata unyevu. Nikalitandaza taulo juu ya magoti yake, nikalinyoosha kingo, nikalipapasa. Akaligusa. Akasema ni laini. Moyo wangu ukaruka.

"Mabibi na akina mama," nikatangaza, jagi la maji mkononi, "taulo lililochaguliwa kwa akili na kutunzwa kwa nidhamu, ukilimwagia maji, hata tone moja haliwezi kuligusa vazi lako. Ndivyo alivyofundwa binti huyu."

Nikamimina.

Mmewahi kuona maji juu ya jani la gimbi? Yanavyojikusanya, yanavyojiviringisha, yanavyokimbia huku na huko yakimetameta bila kulilowesha jani? Hivyo ndivyo. Maji yalitua juu ya taulo, yakakataa kuingia. Yakajikusanya katikati, penye bonde la mapaja, yakawa kaziwa kadogo kalikotulia. Ukumbi mzima ulikaona. Kalikosa viboko tu.

Mtu mwenye busara angesimama hapo. Mimi nilisema, kwenye kipaza sauti, "Subirini. Linakunywa."

Nikaongeza maji. (Niliamini halijaelewa.)

Mama Paskali hakujitingisha. Aliinamisha kichwa akalitazama lile ziwa mapajani mwake, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole wa kutisha:

"Mwalimu, linakunywa saa ngapi?"

Na kwa kuwa aliinua goti kidogo alipokuwa anauliza, ziwa lote likavunja kingo. Nusu ilishuka kushoto ikaingia kwenye kiatu. Nusu ilirudi nyuma, mahali ambapo heshima hainiruhusu kupataja, ikaelekea kwenye mto wa kiti. Kitenge kipya kilikunywa vizuri sana. Kitenge hakikuhitaji kufundwa.

Nilipaniki. Nilinyakua kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa bata. Nikaanza kumfuta. Lakini bata naye alikuwa amelelewa na mimi, kwa dawa ileile na pasi ileile. Nilifuta goti, maji yakahamia paja. Nilifuta paja, maji yakahamia kiatu cha pili. Sikukausha kitu, ndugu zangu, nilikuwa ninayagawa. Shingo ya bata ilifunguka ikaning'inia usoni mwa mgeni wetu wa heshima, ikimpapasa shavu kila nilipovuta pumzi.

Mama Glori akasogeza kipaza sauti chake.

"Wapendwa, mwalimu ameahidi taulo. Mimi naona ametuletea koti la mvua."

Hapo ndipo kilipotokea kile nilichokiogopa kuliko maji. Kabla ukumbi haujacheka, palisikika kicheko kimoja, chembamba, cha mtu aliyejizuia mpaka mbavu zikakataa. Kilitoka chini ya kanga. Bibi harusi, asiyetakiwa kucheka, alikuwa anamcheka mama mkwe wake mbele ya ukoo mzima.

Mwaka mzima Dareda, nilijisemea. Si mwaka tena, miwili. Na nimeupanga mwenyewe, kwa jagi langu mwenyewe.

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Nilikuwa ningali nimeinama, bata mkononi, sijui nimsimamishe au nimlaze. Ndipo Upendo akaondoka mkekani. Hakuitwa. Alivua kanga iliyomfunika, akapiga magoti mbele ya Mama Paskali, akamvua viatu vyote viwili, akavimimina maji pembeni, akamkausha miguu kwa ile kanga, kidole kwa kidole, huku bado anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kisha akamfunga kiunoni kanga nyingine, akamwinua, akageuza ule mto uliolowa, akamketisha tena. Alifanya yote kama anavyofanya kazini kwake, upesi, bila kelele. "Pole, Mama," alikuwa anasema katikati ya kicheko. "Pole sana, Mama."

Mama Paskali akanyoosha mkono. Alitaka kipaza sauti, changu. Nilimpa. Ukumbi ukanyamaza, hata Mama Glori akanyamaza, jambo ambalo Maisaka halijawahi kushuhudiwa.

"Nilikuja na neno langu," akaanza. "Wengine mnalijua. Nilitaka huyu binti nikakae naye mwaka mmoja, nimfundishe."

Upendo aliacha kucheka. Mimi nikamshika bata kwa mikono miwili.

"Sasa nimemwona. Nimelowa, watu wanacheka, na yeye anacheka. Lakini yeye ndiye aliyeinuka. Wengine wamebaki na simu." Alizitazama zile simu, nazo zikashuka moja baada ya nyingine. "Binti huyu sina cha kumfundisha. Akae mjini na mume wake, na kazi yake."

Vigelegele vilianza nyuma vikaja mbele. Niliinua mikono kumshukuru Mungu, bata na yote. Nilikuwa nimeshaanza kutunga moyoni namna nitakavyolisimulia jambo hili kama ushindi wangu. Lakini Mama Paskali hakuwa amekirudisha kipaza sauti.

"Ila nyumba yangu nimeshaiandaa," akaendelea. "Kitanda nimeshakitandika. Sitaki kurudi Dareda mikono mitupu." Akageuka, polepole, akanitazama kuanzia viatu. "Huyu shangazi ndiye nitakayemchukua."

Siwezi kueleza kelele zilizofuata. Kuna mama alianguka kutoka kwenye kiti. Mama Glori alipiga magoti akashika meza. Nilijitetea, kwa heshima, kwamba mimi nina shule, nina vipindi.

"Likizo ipo," alisema Mama Paskali. "Na maharage yanangoja kuvunwa."

Nikamwangalia usoni nikitafuta utani. Utani ulikuwepo, wa kutosha kabisa. Lakini chini ya utani palikuwa na mwanamke ambaye ameshaamua. Nikajua pia kwamba nikikataa mbele ya watu wote hawa, anaweza kulirudisha neno lake la kwanza. Upendo alikuwa ananitazama kwa macho makubwa. Nikasema, kwenye kipaza sauti alichonisogezea mdomoni, sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kuzitoa hadharani:

"Nitakuja, mkwe."

Akanikumbatia. Nikalowa na mimi.

Tulirudi Maisaka kwa bajaji, mimi na Upendo na yale mataulo. Njiani alilipapasa moja, akalisugua kati ya vidole, akaniuliza nimelifulia nini. Nikamwambia. Akauliza kiasi gani. Nikatazama nje, nikasema cha kutosha. Akauliza chupa iko wapi. Nikasema imeisha.

Basi akanieleza, kwa subira inayomfaa muuguzi, kwamba ile dawa hubaki kwenye nyuzi kama mafuta, ndiyo maana nguo inateleza ikawa laini, na kwamba taulo likipakwa mafuta ya kiasi kile na kupigwa pasi juu yake, linakuwa kama turubai. Msasa, alisema, ulikuwa unakunywa maji kwa sababu hakuna aliyewahi kuubembeleza. Alishauri tuyafue upya kwa maji ya moto na siki kidogo, bila dawa yoyote, tuyarudie mpaka yasahau. Nami nawapeni ushauri huo bure, pamoja na ule wa soksi, ambao ningali ninausimamia.

Kisha akaniegemea begani akaanza kucheka upya, na alipojaribu kusema asante hakuweza kulimaliza neno. Mwendesha bajaji akauliza kama huyu dada anaumwa. Nikamwambia hapana, anaolewa.

Nyumbani nilimkuta Baba Elia kibarazani. Nilimsimulia yote kwa kifupi, kwa hadhi, nikiruka mahali pa bata. Nikamweleza kwamba, kwa ajili ya furaha ya Upendo, itanibidi likizo ijayo niende Dareda kuvuna maharage na kufundwa kazi za nyumba, ikiwa yeye kama mume ataniruhusu.

Aliniruhusu kabla sijamaliza sentensi. Akaenda ndani kutafuta begi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili moja tu. Mtakaotaka kucheka, na najua mpo, nawasihi mjizuie mpaka gari la Dareda liwe limeondoka na mimi nikiwa ndani yake.